Kushuka Mahé: Kisiwa cha Starehe Kilichokuwa Gereza la Wafalme Wetu

Ukitoka bandari ya Mombasa na kushika njia ya mashariki, karibu bila kupinda kaskazini wala kusini, utasafiri baharini zaidi ya kilomita 1,700 kabla ya kuona milima ya kijani ikichomoza majini. Hicho ndicho kisiwa cha Mahé, kilicho kikubwa kuliko vyote katika visiwa 115 vya Jamhuri ya Shelisheli. Urefu wake ni kilomita 27 hivi, na mlima wake mkubwa, Morne Seychellois, una kimo cha mita 905. Wakazi wa nchi nzima ni kama laki moja tu, na wengi wao huishi Mahé. Nchi hiyo ilijipatia uhuru wake kutoka kwa Waingereza tarehe 29 Juni, 1976.

Kabla ya uwanja wa ndege kufunguliwa mwaka 1971, mgeni hakuwa na njia ya kufika huko ila kwa meli. Siku hizi watu wengi huruka kwa ndege, lakini kati ya Oktoba na Aprili meli za matembezi hutia nanga katika bandari ya Victoria, na abiria hupewa siku moja au mbili za kushuka nchi kavu. Mwandishi wa makala haya alibahatika kufika huko kwa meli ya namna hiyo. Aliona jinsi abiria wengi walivyoteremka ngazi, wakaingia katika magari, wakaenda moja kwa moja ufukweni, na jioni wakarudi melini na mchanga miguuni. Hakuna ubaya katika kuoga baharini. Hata hivyo, mwananchi wa Uganda anayeshuka Mahé ana jambo kubwa zaidi la kutafuta, na yafaa alijue kabla hajaondoka nyumbani.

MJINI VICTORIA

Victoria ni miongoni mwa miji mikuu midogo kabisa duniani, na mtu aweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja. Anza sokoni mapema, kabla jua halijawa kali. Soko hilo limepewa jina la Sir Selwyn Selwyn-Clarke, aliyekuwa gavana kati ya 1947 na 1951. Humo utaona samaki wa kila rangi wakipangwa juu ya meza, pamoja na pweza, pilipili, mdalasini, vanila na mashelisheli. Tunda hili ni la ukoo mmoja na fene letu, na katika Kiswahili linaitwa kwa jina lile lile la visiwa hivyo. Wenyeji hulichemsha, hulioka au hulikaanga, na hulila pamoja na samaki kama sisi tulavyo matoke. Wana msemo kwamba mgeni aliyekula shelisheli kisiwani humo hana budi kurudi tena.

Kutoka sokoni ni hatua chache tu hadi kwenye mnara wa saa uliosimama njia panda tangu mwaka 1903. Ni mdogo, umepakwa rangi ya fedha, na ni mfano wa mnara mwingine ulioko London. Karibu yake ipo Makumbusho ya Taifa ya Historia, katika jengo lililokuwa Mahakama Kuu zamani. Humo limehifadhiwa jiwe ambalo Wafaransa waliliweka kisiwani mwaka 1756 ili kutangaza kwamba nchi ni mali yao. Mtazame mgeni mwenye kuchonga jiwe na kulitia alama ya mfalme wake, kisha kudai kisiwa kizima! Sisi tuliotawaliwa kwa mikataba ya karatasi tunaufahamu vema mchezo huo.

BUSTANI YA MIMEA

Baada ya mji, nenda kwa miguu hadi Mont Fleuri, penye Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1901. Hapa watoto watafurahi kuliko mahali pengine popote. Wapo kobe wakubwa wenye asili ya kisiwa cha Aldabra, ambao hunyoosha shingo zao ili wakunwe. Wapo pia popo wakubwa walao matunda. Kobe wa aina hii huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika visiwa hivyo wamo hata leo baadhi yao waliokuwa hai katika siku za wafungwa tutakaowataja hapa chini.

Tena upo mnazi wa ajabu uitwao coco de mer, ambao kwa asili huota katika visiwa viwili tu duniani, Praslin na Curieuse. Mbegu yake ni kubwa kuliko mbegu ya mmea mwingine wowote, na umbo lake huwachekesha watu wazima. Ukitaka kununua moja, hakikisha kwamba unapewa hati ya serikali inayoruhusu kuitoa nchini, la sivyo watu wa forodha watakunyang'anya.

MLIMANI SANS SOUCI

Sasa tafuta basi au teksi ikupeleke juu, katika barabara ya Sans Souci inayopanda milima na kuteremkia upande wa pili wa kisiwa, karibu na Port Glaud. Barabara ni nyembamba, ina kona nyingi, na hewa hubadilika upesi ikawa ya baridi. Utapita katika misitu ya midalasini, na mbele zaidi kuna mashamba ya chai yatakayokukumbusha yale ya Toro.

Hapo mlimani ndipo penye magofu ya Venn's Town, ambapo leo huitwa Mission Lodge. Msomaji, usipite hapa kwa haraka. Tangu mwaka 1861, manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyobeba watumwa kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki, na zaidi ya watu 2,000 kati ya waliookolewa waliteremshwa katika visiwa vya Shelisheli. Walikwisha kuwa huru kwa sheria, lakini hawakurudishwa makwao. Walitawanywa katika mashamba ya wenyewe ili wafanye kazi. Mwaka 1876 shirika la misioni la Kanisa la Uingereza, CMS, lilifungua shule hapo Venn's Town kwa ajili ya watoto wao. Watoto walisoma na kulima, mbali na wazazi wao, na mbali zaidi na nchi ya babu zao.

Leo zimebaki kuta za mawe chini ya miti mirefu, na kibanda cha kutazamia ambapo mtu huona milima na bahari ya magharibi. Wageni wengi hupiga picha za mandhari na kuondoka. Lakini simama kidogo, ufikiri ni mama gani wa bara, katika kijiji gani, aliyengoja mtoto ambaye wajukuu zake wangezaliwa hapa. Ngoma iitwayo moutya, ambayo huchezwa kwa matari ya ngozi ya mbuzi yaliyokaushwa kwa moto, ililetwa na Waafrika hao na wale waliotangulia utumwani. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Ukibahatika kuisikia usiku, huna haja ya mkalimani.

WAFALME WAWILI

Waingereza waliichagua Shelisheli kuwa mahali pa kuwafungia viongozi waliowashinda kuwatawala kwao. Sababu yake ni rahisi: visiwa viko mbali na kila nchi, meli zilikuwa chache, na bahari yenyewe ilitosha kuwa ukuta wa gereza.

Kila mtoto wa shule nchini mwetu anajua jinsi Omukama Kabalega wa Bunyoro-Kitara, pamoja na jeshi lake la Abarusura, alivyopigana na Waingereza tangu 1894 hadi alipokamatwa katika nchi ya Lango mwezi wa Aprili, 1899, akiwa amejeruhiwa kwa risasi. Alikamatwa pamoja na Kabaka Mwanga wa Buganda. Falme zao zilikuwa zimeshindana kwa vizazi vingi, lakini mwishowe wafalme hao wawili walisafirishwa njia moja hadi pwani, kwanza Kismayu, kisha Mahé. Mwanga alibatizwa huko ugenini kwa jina la Danieli, akafa huko mwaka 1903. Mabaki yake yalirudishwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi. Kabalega alikaa zaidi ya miaka 20. Kisiwani humo pia alikuwamo Prempeh, mfalme wa Waasante kutoka Ghana ya leo, aliyefika mwaka 1900 na kuruhusiwa kurudi mwaka 1924. Kabalega aliachiliwa mwaka 1923 akiwa mzee. Alivuka bahari, akafika Jinja, akafa hapo mwezi wa Aprili bila kuiona tena Bunyoro. Amezikwa Mparo, karibu na Hoima.

Twasoma habari hizi vitabuni, nazo hupita upesi. Lakini ukisimama juu ya mlima wa Mahé na kutazama magharibi, upande iliko Afrika, huoni kitu ila maji. Ndipo utakapoelewa maana ya kufungwa miaka 20 mahali pazuri. Maua hayampunguzii mfungwa kifungo chake. Wenyeji husema aliyekula shelisheli atarudi kisiwani. Kabalega bila shaka alilila sana, na shauku yake ilikuwa moja tu, kurudi kwao.

Kwa msomaji aliye askari kuna fundisho jingine, ambalo ni la miaka ya karibu. Tarehe 25 Novemba, 1981, kundi la askari wa kukodiwa likiongozwa na Mike Hoare lilitua katika uwanja wa ndege wa Mahé likijifanya watalii, na bunduki zimefichwa katika mizigo. Ofisa mmoja wa forodha aligundua bunduki, hila ikafichuka, mapigano yakazuka, na wengi wao wakakimbia kwa ndege ya Kihindi waliyoiteka. Mtu mmoja aliyefanya kazi yake kwa makini alisaidia kuiokoa serikali nzima.

UFUKWENI

Ukiwa na saa mbili zilizosalia, nenda ukaoge. Lakini uzingatie pepo, ambazo ni zile zile za pwani yetu. Ghuba ya Beau Vallon, iliyo ng'ambo ya kilima upande wa kaskazini-magharibi, hutulia wakati wa kusi na huchafuka kaskazi inapovuma kwa nguvu, hasa Desemba hadi Februari. Wakati huo afadhali Anse Royale, iliyoko kusini-mashariki, ambako pia mabasi ya mjini hufika. Sisi tuliokulia kando ya ziwa tusidhani kwamba twaijua bahari. Mikondo yake ina nguvu, na mtoto asiachwe peke yake hata majini kunakofika magotini.

MASHAURI KWA FAMILIA

Akina mama wachukue maji ya kunywa, kofia za watoto na viatu imara, kwa maana milimani mvua hunyesha ghafula. Yafaa kuwa na rupia chache za Shelisheli kwa ajili ya basi na sokoni. Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Mjini na makanisani watu huvaa kwa heshima. Msinunue kitu chochote cha gamba la kasa. Na zaidi ya yote, rudini bandarini saa moja kabla ya wakati uliotangazwa, kwa kuwa meli haimsubiri abiria.

Wahenga walisema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Wengi wetu pengine hatutapata nauli ya kufika Mahé. Lakini Kasubi ipo Kampala na Mparo ipo Hoima, na nauli ya kufika huko ni ndogo. Mzazi awapeleke watoto wake likizo ijayo, awaonyeshe makaburi hayo, na awaeleze kisiwa ambacho wazee hao walifungiwa. Na yeyote atakayejaliwa kushuka Victoria, akisha kununua vanila na kuwatazama kobe, apande mlima wa Sans Souci, atazame magharibi, awasalimu kwa lugha ya kwao.