Mshale Unaolala Chini

Ufundi wa magari niliuanzia Iringa mjini, kijana wa kuosha vyuma na kupokeza spana, chini ya mzee asiyependa kubahatisha. Gari likiingia gereji, alimuuliza dereva kwanza: limewakaje asubuhi, limepandaje mlima, mshale wa temperecha umesimama wapi? Sisi vijana tuliuogopa mshale unaopanda tu, kwa sababu magari yaliyochemsha mlima Kitonga ndiyo yaliyotupa riziki. Mshale uliolala chini tuliuhesabu kuwa dalili ya afya.

Njombe ndiko kulikonifundisha kinyume chake. Ule ni mji wa baridi, na Juni na Julai baridi hiyo huingia mpaka kwenye injini. Mfanyabiashara mmoja wa mbao aliniletea pikapu yake ya petroli akilalamika kwamba inakunywa mafuta kupita kiasi, na hita haipulizi joto hata akifika Makambako.

"Lakini temperecha yake nzuri, fundi. Haipandi kabisa."

"Hilo ndilo linalonitia shaka, mzee wangu," nilimjibu.

Washukiwa ni watatu: mita ya dashibodi na nyaya zake, sensa, na thamostati, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ishike joto. Nilianza na mita. Nilichomoa waya wa sensa, nikafungua swichi, nikaugusisha waya huo kwenye bodi kupitia balbu ndogo ili mita isiungue. Mshale ukapanda. Mita na waya vilikuwa vizima. Kisha nikapima sensa. Sensa nzima ukinzani wake hushuka kadiri maji yanavyopata moto. Ya kwake ilishuka vizuri. Kumbe mshale ulikuwa ukisema kweli: injini yenyewe ilikuwa ya baridi.

Gari likalala gereji. Alfajiri nililiwasha nikaweka mkono kwenye hosipaipu ya juu ya rejeta. Ingepaswa kubaki baridi mpaka injini ishike joto lake, lakini ilianza kupata uvuguvugu mara moja. Nilipofungua nyumba ya thamostati, ndani hamkuwa na kitu. Fundi fulani alikwisha kuitoa ili gari "lisichemshe".

Madhara ya tendo hilo nimeyaona katika injini nyingi nilizozifungua. Kompyuta ya gari ikiambiwa injini ni baridi, huongeza petroli. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na unyevu usiopata joto la kuukausha hugeuza oili kuwa tope. Ringi zinaisha mapema, na mwenye gari haelewi kwa nini.

Nilinunua thamostati ya gari hilo hilo, iliyogongwa namba 82, yaani nyuzi za Selsiasi inapoanza kufunguka. Niliichemsha kwanza kwenye sufuria pamoja na kipimajoto, nikaona ikifunguka mahali pake, ndipo nikaifunga, kitundu chake cha kutolea hewa kikiwa juu. Mshale ukapanda hadi karibu na katikati, ukatulia. Hita ikapuliza joto, na matumizi ya mafuta yakashuka.

Iko sura nyingine ya mshale wa chini, nayo ndiyo ya hatari zaidi. Maji yakipungua sana, sensa hubaki kwenye hewa, mshale unashuka wakati silinda hedi inaungua. Kwa hiyo kabla ya kipimo chochote hukagua maji, injini ikiwa imepoa. Mfuniko wa rejeta yenye moto haufunguliwi.

Wenye magari, msikubali thamostati itolewe. Gari linalochemsha lina sababu yake: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu ya maji iliyochoka au gasketi iliyoungua. Nanyi mafundi vijana, itafuteni sababu hiyo muitibu. Injini iliundwa ifanye kazi kwa moto wake, na kuinyima moto huo ni kuiua polepole.