Eda Chini ya Menengai

Nakuru ni mji wa wapitaji. Reli ilipofika hapa mwaka 1900, ilifuata njia ambayo wazee wetu wa Pwani walikuwa wakiijua. Misafara ya Waswahili ilipanda Bonde la Ufa kwa miguu, ikapita Naivasha, ikaenda kupumzika Njemps karibu na ziwa Baringo. Jumbe Kimameta wa Pangani, aliyefuatana na Mskoti Joseph Thomson mwaka 1883, alikuwa miongoni mwa wakuu wa misafara hiyo. Huko Njemps walinunua nafaka, wakauguza wagonjwa, wakangoja hadi safari iwezekane tena. Kungoja kulikuwa sehemu ya safari.

Sisi nasi tulikuwa wapitaji. Kwa miaka saba familia yetu imelala barabarani zaidi kuliko nyumbani. Makao yetu yalikuwa basi dogo la zamani lililoondolewa viti, likatiwa vitanda, jiko la gesi na mapipa mawili ya maji. Nafasi iliyobaki ilijaa marobota ya kanga, madira na mabuibui. Baba aliendesha, mama aliuza, nasi mabinti tulipika na kuandika hesabu. Leo Gilgil, kesho Njoro, keshokutwa Marigat. Nyumba ya vyumba viwili tuliyopanga Bondeni, mtaa mkongwe ambamo Waislamu wa Nakuru wamekaa kwa vizazi, ilikuwa ya kufulia nguo na kufungia Ramadhani.

Ndani ya nyumba hiyo baba alifariki, baada ya maradhi ya siku chache. Alizikwa siku ile ile baada ya sala ya alasiri. Basi likabaki uani, na mama akaingia edani.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi kwa hesabu ya mwezi mwandamo, na mwenye mimba hungoja hadi ajifungue. Hukaa katika nyumba aliyokuwa akiishi mume alipofariki. Hajitii manukato wala wanja, havai mapambo, wala halali kwingine bila dharura. Haja ikimlazimu hutoka mchana, akarudi kulala kwake. Mengine tuliyoyazoea Pwani, kama kufunika vioo au kutomjibu hata muuza maziwa kwa kuwa ni mwanamume, sheikh wa mtaani alitueleza kuwa ni mila, si sharia. Mama alishusha pumzi aliposikia hayo. Sisi watoto tumewekewa siku tatu tu za kuomboleza. Siku hizo ni mpaka wa mwenendo; machozi ya moyo hayakukatazwa, na yetu yalizidi tatu.

Mji huu, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, una baridi ya jioni ambayo mtu wa Pwani haizoei upesi. Majirani waliijua baridi hiyo kabla yetu. Wasio Waislamu walijifunga leso vichwani, wakaketi nasi mkekani, wakaleta kuni, viazi na maziwa. Hawakujua maneno ya kutoa pole kwa desturi yetu, lakini walijua kuchemsha maji.

Kutoka uani mama huona ukingo wa Menengai upande wa kaskazini. Ni kreta pana, yapata kilomita 12 kwa 8, na ndani yake mvuke hupanda kutoka ardhini. Wenyeji husimulia kuwa katika vita vya Wamaasai vya karne ya 19, mashujaa wengi walitupwa humo, na mvuke ule ni roho zao zikitafuta njia ya mbinguni. Itikadi yetu si hiyo, na leo mvuke huo unazalisha umeme. Hata hivyo tunawaelewa waliosimulia: aliyefiwa hutazama juu akiuliza mpenzi wake amefika wapi. Sisi tumeelekezwa kujibu swali hilo kwa dua na sadaka.

Upande wa kusini liko ziwa. Watu wa Pwani wanalijua kwa heroe, wale ndege wa rangi ya waridi. Kwa zaidi ya miaka kumi maji yake yamepanda, yakafunika lango kuu la zamani la hifadhi na kuingia katika nyumba za Mwariki na Baruti. Maji matamu yalipozidi, magadi yakapungua, na mwani ambao heroe huula ukapungua nao. Wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Huenda wakarudi hali ikiruhusu, lakini ufuo waliouacha uko chini ya maji. Tulipomweleza mama, alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa nasi tukirudi barabarani hatutaikuta safari ile ile.

Jambo hilo ndilo lililokuwa zito. Ami zetu wa Mombasa walishauri basi liuzwe turudi nyumbani, na ushauri wao ulikuwa wa huruma. Mama aliomba asijibu hadi eda iishe, kwa kuwa uamuzi wa mtu mwenye msiba mbichi huwa ni wa msiba, si wake. Kaka yetu, fundi wa magari, alihamia Nakuru akae nasi. Kila Ijumaa huwasha injini ili betri isife. Ijumaa ya kwanza mama aliusikia ule mngurumo, akaomba uzimwe. Wiki ya kumi alituma neno kuwa kaka aliache liungurume kidogo zaidi.

Sasa zimesalia siku ishirini na mbili. Marobota tumeyaanika jua, daftari la wadeni tumelipitia, na madeni ya marehemu tumeyalipa kabla ya kugusa mirathi. Kama tutakwenda Marigat au tutateremka Mombasa, mama ataamua akiwa ametulia.

Kwa akina mama wanaosoma haya wakiwa edani: siku hizo ni zenu, msiruhusu mtu azifupishe kwa pupa wala azirefushe kwa mila. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na awape subira njema waliobaki. Amin.