Herufi R

Mamangu alikuwa akiungua mkojo tangu Ramadhani iishe, asiniambie. "Mambo ya kike hayo, mwanangu," alisema siku niliyomkuta jikoni amejikunja, mkono kiunoni.

Hapa kwetu Timbwani dawa hununuliwa kwa pesa iliyoko mfukoni. Nilikuwa na mia na hamsini. Kijana wa kemisti akanihesabia tembe sita za siprofloksasini, akazitia kwenye kibahasha. Siku tatu. Hakuuliza cheti cha daktari, ingawa sheria yataka, nami sikuwa nacho.

Mama akapata nafuu. Wiki mbili hivi, ikarudi. Nikanunua zile za rangi mbili. Mara ya tatu alimeza nne, mbili akamwekea shangazi aliyekuwa na kikohozi. Ndio wema wa mtaani kwetu huo, sijui nani angemgombeza.

Tangu niache chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nala kwa kuandikia watu kazi mtandaoni. Mwezi ule mteja wa ng'ambo alitaka kurasa kumi: jinsi Ulaya inavyofuatilia vijidudu sugu. Basi usiku, nikisikia mlango wa choo ukifunguliwa na kufungwa, mimi nasoma. Maabara za kila nchi hutuma matokeo ya damu na ya maji ya uti wa mgongo, kituo kilicho karibu na Stockholm huyajumlisha, na kila mwaka ramani hutoka. Nchi za kaskazini rangi hafifu, za kusini na mashariki zimekolea. Wanakadiria zaidi ya watu 35,000 hufa huko kila mwaka kwa vijidudu vilivyoshinda dawa.

Nikaanza kutafuta ramani yetu. Kenya ilitoa mpango wake wa kitaifa 2017. Kilifi, ambako ukishavuka feri si mbali, watafiti waliotesha damu ya watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002. Robo hivi ya waliofia wodini walikuwa na bakteria kwenye damu. Kazi kubwa, siidharau. Lakini mkojo wa mamangu hakuna aliyeuotesha. Dawa zimeshindwa mara tatu, na kwa daftari zote za dunia hajaugua hata siku moja.

Pesa ya zile kurasa iliingia kwa M-Pesa Jumanne. Nikatenga elfu mbili, tukavuka, akatoa mkojo kwenye kopo. Siku ya nne tukarudia karatasi. E. coli. Mbele ya kila dawa herufi moja: S, yafanya kazi, R, imegonga mwamba. Sipro R. Amoksilini R. R zimeshuka kama ngazi. S zilikuwa mbili tu, moja ya sindano, nyingine naitrofurantoini.

Kwenye feri Mama aliishika karatasi isipeperuke.

"R ndio nini?"

"Dawa imekataa, Mama."

"Na nani kaifunza kukataa?"

Niliangalia maji mpaka tukafika.

Safari hii daktari aliandika, nikanunua dozi nzima. Kila asubuhi nahesabu tembe zilizobaki. Siku ya tatu shangazi akatuma mtoto: yeye pia mkojo wamuunguza, eti Mama ana mbili za kumpa?

Mama akaniangalia. Mkono ulikuwa ushaingia mkobani.