Siku Moja Shimoni na Wasini

Watu wetu wa pwani wamekuwa wasafiri hodari. Mwenye uwezo huenda Umra akapitia Istanbul au Dubai, na siku hizi wako waliofika hadi Malaysia na Indonesia, wakazungushwa kwa mabasi na waongozaji, wakarudi na picha tele. Hatuwalaumu, kwani Qur'ani yenyewe imetuhimiza kutembea katika ardhi na kutazama. Lakini siku moja katika darsa la akina mama hapa Ukunda tuliuliza ni nani aliyewahi kuingia katika mapango ya Shimoni. Katika wanawake zaidi ya thelathini, walionyanyua mikono walikuwa wawili, wote wazaliwa wa huko. Na sisi tuliouliza, tuliosomesha Kwale zaidi ya miaka ishirini, hatukuwa tumeingia.

Basi tukakodi matatu mbili, tukaondoka Jumamosi baada ya sala ya Alfajiri, akina mama na watoto wao, pamoja na bibi mmoja wa miaka themanini na kitu aliyeshikilia kwamba hataachwa. Sharti letu lilikuwa moja: kila mahali tutaongozwa na mwenyeji wa pale, naye tutamlipa haki yake bila kumsumbua ashushe bei. Mtu akienda Dubai halii shida mbele ya mwongozaji.

Kituo cha kwanza kilikuwa Gazi. Hapo wanawake wamejenga daraja la mbao linalopita juu ya matope katikati ya mikoko, na aliyetuongoza alikuwa mama aliyevaa buibui, mwenye sauti ya ualimu. Alitutajia miti mmoja mmoja, mkoko, mchu, mkandaa, muia, na upi hutoa boriti na upi ganda lake hutia rangi ngozi. Watoto wetu, wanaojua majina ya wachezaji wa Uingereza, hawakujua hata mmoja. Akatueleza pia juu ya Mikoko Pamoja, mradi wa Gazi na Makongeni unaolinda hekta 117 tangu mwaka 2013, ambao huuza nje ile hesabu ya hewa ya ukaa inayozuiliwa na miti, na fedha zikarudi kuwa maji ya bomba na vitabu vya shule. Akina mama waliuliza maswali mengi hapo kuliko waliyowahi kutuuliza sisi katika darsa zima la mirathi.

Gazi pia ndipo alipokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 hata akakimbilia upande wa Wajerumani. Tulisimulia habari hiyo kwa fahari, kama tulivyosimuliwa. Hatukutaja kwamba katika wafuasi wake walikuwamo watumwa. Hatukuficha kwa makusudi. Ni kwamba sisi wenyewe tulisimuliwa hivyo, na hatukuwahi kuuliza.

Tukapita Msambweni, tukapita Ramisi, na pale Kanana tukaiacha njia ya Lungalunga tukashika ya Shimoni. Jina la mji ni la mapango yake yenyewe, yaliyo hatua chache kutoka baharini. Yanasimamiwa na wenyeji, nao ndio waongozaji. Kijana aliyetupokea alizitazama kanzu na mabuibui yetu, akatuamkia kwa heshima, kisha akatuuliza kwa sauti ya chini, "Shekhe, niwape maelezo gani? Kuna yale marefu, na kuna mafupi."

Tukamuuliza tofauti yake. Akasema wako Waislamu wenzetu wanaokuja wakaudhika akitaja watumwa, na baadhi yao humwambia kwamba anaipaka dini matope. Kwa hiyo amejifunza kupima watu kwanza. "Wengine huniambia niwaonyeshe popo tu, basi."

Hatukumwona na kosa. Kosa ni la hao waliomfundisha kupima, nasi tu katika hao. Mama mmoja akasema, "Maalim, watoto wataota usiku." Tulikuwa tukitafuta jibu la hekima pale bibi aliposema kutoka nyuma, "Mwacheni aseme. Mimi sikuja kutazama popo."

Tukashuka. Ndani mna ubaridi na giza, isipokuwa pale mwanga unapoingia kwa matundu ya juu pamoja na mizizi ya miti. Kijana alianza na ya zamani: wazee wa Shimoni husimulia kwamba mapango haya yalikuwa kimbilio la watu wakati wa mashambulizi ya Wamasai. Kisha akaingia katika yale mengine. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi, kwa kushurutishwa na Waingereza, mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia kuwasafirisha baharini. Biashara haikufa siku hiyo, ilijificha. Wenyeji husimulia kwamba hapa watu walizuiliwa gizani wakingoja chombo, na kijana akatuonyesha vyuma vilivyokita katika jiwe. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani yetu ya Kenya hadi mwaka 1907. Katika ukoo, huo si muda mrefu.

Msichana wa miaka kumi na mmoja akauliza, "Waliowafunga walikuwa Waislamu?" Kijana akatutazama sisi. Tukajibu kwamba ndiyo, walikuwamo Waislamu, na wasiokuwa Waislamu pia, na kwamba dini iliyofanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara na ibada haikuwaamuru kuteka watoto wa watu bara. Tulisema kweli, lakini nusu ya kwanza ilitutoka kwa taabu kuliko ya pili, na tunadhani watoto waliona.

Bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe. Alisema, bila kumwelekea mtu, kwamba nyanya yake hakuwa mtu wa pwani. Aliletwa akiwa mtoto kutoka nchi za Nyasa, akakulia katika nyumba ya watu, na hakuikumbuka njia. "Nyumbani kwetu halikutajwa. Mama alinambia mara moja tu, akaniapiza nisilitoe, wanangu wasije wakakosa wachumba."

Akina mama wakanyamaza, maana kila mmoja alijua aliogopa nini. Nasi tulijua zaidi. Tumeketi katika baraza nyingi za posa, na katika mojawapo, miaka mingi iliyopita, kijana mwenye dini na kazi alirudishwa kwa neno moja lililosemwa kwa kunong'ona: asili. Wazee walitugeukia. Vitabu vyetu vya fiqhi vina mlango wa kufuu, na sisi ndio tunaousomesha, lakini tunasomesha pia kwamba Mtume (s.a.w.) alimwoza Zaynab bint Jahsh, binti wa shangazi yake, kwa Zayd bin Haritha aliyepata kuwa mtumwa. Siku ile tulikumbuka mlango wa kwanza, tukanyamaza. Kijana yule ana mke na watoto sasa. Tukikutana hutuamkia kwa heshima kamili, na hiyo ndiyo inayotuchoma.

Kutoka Shimoni tulivuka kwa mashua hadi kisiwa cha Wasini, kwa Wavumba, ambako hakuna gari hata moja. Tulisali Adhuhuri kamili, ingawa wako waliotamani kukusuru. Masafa ya Ukunda na Wasini hayatoshi, na tuliwaambia hivyo hata kabla hawajauliza vizuri. Chakula kilikuwa wali wa nazi, samaki na kaa, na hatuna la kuongeza ila kwamba watoto walikula kimya. Baadaye wanawake wa kisiwani walitutembeza katika bustani yao ya matumbawe, juu ya daraja la mbao kama lile la Gazi. Ni mawe ya kale yaliyosimama kama watu, na maji ya bahari huja yakaondoka chini yake. Mwongozaji akatueleza shida ya maji matamu kisiwani na jinsi wanavyokinga mvua. Bibi alimshika mkono njia nzima, wakazungumza mambo ambayo hatukuyasikia.

Jioni, ndani ya matatu, yule msichana alitoa daftari lake la madrasa akaenda kukaa karibu na bibi. Alitaka jina la yule nyanya. Bibi akalitaja, kisha akasema hilo ni jina alilopewa huku. La kwao hakupata kulisikia. Msichana akaliandika, akauliza alizikwa wapi, alizaa wangapi, alikuwa akipika nini. Tulipofika Ukunda Magharibi ilikuwa ikiadhiniwa, watu wakashuka kwa haraka kutafuta udhu, na wawili wale walikuwa bado wamekaa, ukurasa wa pili umeanza.