Kabla ya kusi kuingia Gazi

Msomaji, ukivuka feri ya Likoni mwishoni mwa Machi na kushika barabara ya Lunga Lunga, utaona mafungu ya makuti yamepangwa mbele ya nyumba. Huenda ukadhani yote yanauzwa. Mengi yanamngoja fundi. Kaskazi imechoka, joto linakutoa jasho hata kivulini, na kila mwenye nyumba anajua kwamba upepo ukigeuka tu, masika yatabisha hodi.

Mimi nilishuka Gazi, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa, anakoishi shangazi yangu peke yake tangu mumewe afariki. Ni kijiji kidogo chenye historia kubwa, kwani ndiyo iliyokuwa ngome ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyewasumbua sana Waingereza 1895 na 1896. Siku hizi wageni huja kutembea juu ya daraja la mbao la kina mama, katikati ya mikoko. Lakini mimi sikwenda kutembea. Nilikwenda kulipa deni.

Mwaka wa 2024 nilimwahidi Shangazi pesa za kuezeka upya. Januari nikasema Februari, Februari nikasema Machi. Zilipomfikia, Aprili ilikuwa katikati na mafundi wote wako juu ya mapaa ya watu wengine. Upande wa kibla ukapata makuti mapya. Upande wa baharini, ambako kusi hupiga, ukabaki na makuukuu.

Mwanzo wa Mei redio zikatangaza habari za Kimbunga Hidaya. Nilimpigia simu mara 3 nikimsihi aende kwa binti yake Ukunda.

"Mwanangu," akanijibu, "kimbunga sikijui. Mvua naijua."

Alikuwa na haki yake. Kimbunga hutegemea mzunguko wa dunia ili upepo wake ujisokote, na karibu na Ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta. Hata hivyo majirani zetu wameonja: Unguja mwaka wa 1872, mikarafuu ilipong'olewa kwa wingi, na Lindi mwaka wa 1952. Hidaya nayo ilitua kisiwani Mafia tarehe 4 Mei 2024, kisha ikafifia. Gazi haikufika.

Kilichofika ni mvua ya kawaida ya masika, ile ya kila Mei. Iliingia kwa upande wa baharini usiku wa manane. Kasha la Shangazi likalowa, na hati ya shamba, iliyokuwa chini ya kanga zake, ikawa uji. Ilimchukua mwaka mzima wa kwenda na kurudi kupata nakala nyingine. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi mwaka huu nilikuja mwenyewe, pesa mkononi. Fundi alianza kwa kuezua, akagonga boriti moja moja akisikiliza kama mchwa wameila. Mbili zilitoa sauti ya utupu, zikabadilishwa. Kuezeka huanzia chini, kwenye ukingo, kila kuti likilala juu ya mwenzake hadi kileleni. Makuti yakibanana hugharimu zaidi, lakini ukiyatawanya ili kuokoa shilingi, utayalipia Mei. Kileleni ndiko pa kumsimamia fundi, kwani hapo ndipo uvujaji mwingi huanzia.

Nilijaribu kumshawishi aweke mabati. Akasema mabati ni tanuri mchana na ngoma usiku, na chumvi ya bahari huyala. Sikukubaliana naye kabisa. Bati haliogopi cheche ya moto, na hukuvunia maji safi. Tukapatana jiko liezekwe bati na kutiwa mfereji wa kupeleka maji kwenye tangi.

Mengine tuliyafanya wenyewe. Mkwezi aliangusha nazi na makuti makavu ya mnazi ulioinamia nyumba, maana nazi moja ikisukumwa na kusi hutoboa paa. Tulikandika upya kuta kule chini ambako maji hurukia, tukachimba mtaro wa kuyaondoa uani, tukahamishia kuni ndani. Hati mpya ilitiwa katika mfuko wa plastiki, ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Kuna ukuta mmoja ambao Shangazi hakuujenga. Mbele ya kijiji, mililana imesimama ndani ya maji, nyuma yake mikoko, na mawimbi hufika yakiwa yamechoka. Wanakijiji huitunza kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ukaa na kugharamia maji na shule. Mtu anayekwenda kukata boriti kule usiku bila kibali, mimi namhesabu kama anayeezua paa la jirani.

Fundi alipomaliza, Shangazi alifunga milango na madirisha yote, jua likiwa utosini, akaniambia nilale chali sakafuni nitazame juu. Ukiona nuru, maji nayo yataona njia. Tuliona vitone 3, vyote juu ya kitanda chake. Fundi alikuwa ameshakunja kamba zake. Akaambiwa apande tena.