Franka zinazokatwa kimya kimya



Mshahara wa mwalimu unapita banki. Tangu mwaka wa 2011, serikali ilipoanza kulipa wafanyakazi wake kwa njia hiyo, sisi walimu tunaotoka hapa Sanga tunakwenda Kamina mjini, tunapanga mstari, tunapokea franka na kurudi kugawanya: unga, mafuta, sabuni, daftari za watoto. Karatasi inayoonyesha kila kilichoingia na kilichotoka, ile wanayoita releve, ni wachache wanaoiomba.

Mimi niliiomba mwaka huu, kwa sababu pesa iliyobaki kwenye konti haikulingana na hesabu niliyoandika kwenye daftari langu. Nafundisha hesabu darasa la tano. Hesabu isiyolingana hainiachi nilale.

Nikakuta mstari mmoja unarudi kila mwezi: franka 2 320. Ni bei ya namna gani hiyo? Kisha nikakumbuka TVA, kodi ya 16 kwa mia inayoongezwa juu ya huduma tangu 2012. Chukua 2 000, ongeza 320 za kodi, unapata 2 320. Basi hayakuwa makosa ya mashine. Ilikuwa huduma yenye bei yake na kodi yake. Pembeni waliandika kwa Kifaransa « abonnement SMS ». Maana yake, banki inakutumia ujumbe kwenye simu kila pesa inapoingia ao kutoka, na wewe unaulipia kila mwezi. Mimi sikuwahi kupata hata ujumbe mmoja.

Kwa miezi 12 ni franka 27 840. Nyumbani kwangu, hizo ni daftari na kalamu za watoto.

Kijana wa gishe aliniambia: “Madamu, hiki ni kitu kidogo tu.”

Nikamjibu: “Ni kidogo mara 12, mwanangu. Nionyeshe mahali nilipotia saini.”

Alitafuta, hakuona. Huduma ilifungwa siku ile ile. Lakini pesa iliyokwisha kukatwa haijarudi. Niliandika barua mbili zinazofanana. Moja niliwaachia, ya pili wakanipigia muhuri na tarehe, naitunza. Ningali nafuatilia.

Neno lile “kitu kidogo” ndilo linalotumaliza. Mnakumbuka RAM? Ilianza mwaka wa 2020, kwa ajili ya kuandikisha simu zote za inchi. Simu ya 2G ililipa dola 1 kwa mwaka. Simu ya 3G ao 4G dola 7, zikikatwa mara 6. Unanunua inite, unataka kuongea na mtoto aliye Lubumbashi, unakuta sehemu imekwisha kwenda. Kila kipande kilikuwa kidogo, lakini watu walilalamika sokoni, kwenye redio, mpaka maneno yakafika Bunge. Mwaka wa 2022 RAM iliondolewa.

RAM ilimpata kila mtu, na kila mtu aliisema. Mstari wa banki unamkuta kila mmoja peke yake, na sisi tunaficha releve zetu kama siri ya chumbani. Hatutaki jirani ajue tunapokea ngapi. Hiyo naielewa. Lakini unaweza kukunja karatasi, ukafunika mshahara na baki, ukaacha mistari ya makato peke yake. Ndivyo tulivyofanya walimu watatu wa shule yetu chini ya mwembe. Wawili kati yetu tulikuwa na mstari ule ule.

Hata mama asiye na konti anakatwa. Mama mmoja wa likelemba yetu alikuwa ananunua inite za franka 500 kwenye kabine asubuhi, na jioni zimeisha bila kupiga simu. Alidhani watoto wanazitumia, na nyumba ilikuwa na maneno kila siku. Tulipofungua simu tukaona ujumbe wa Kifaransa unaoingia kila siku, habari za mupira wa Ulaya. Kila ujumbe ulikuwa unakula inite. Chini yake waliandika kwamba ukituma neno STOP kwa namba ile fupi, huduma inafungwa. Tulituma. Kesho yake inite zilibaki, na watoto waliachwa na amani.

Haya ndiyo maneno ya kutafuta kwenye releve:

« Frais de tenue de compte »: malipo ya kutunza konti. Haya ni ya kawaida, lakini uliza bei yake na uangalie kama haibadiliki.

« Commission retrait »: malipo ya kutoa pesa. Hesabu: ulitoa mara ngapi, na walikata mara ngapi?

« Abonnement »: huduma inayojirudia kila mwezi. Uliza ni ya nini na nani aliiomba.

Si kila kato ni wizi. Kuna mengine tuliyakubali siku ya kufungua konti, kwenye karatasi ndefu ambazo hakuna aliyetusomea. Kwa hiyo usianze kwa kugombana. Uliza mambo matatu: hii inaitwaje, ni ya kazi gani, na saini yangu iko wapi? Kama jibu halipo, omba wafunge, kisha andika barua na udai muhuri kwenye kopi yako.

Juma lijalo, kwenye mkutano wa likelemba, mwenye releve aje nayo imekunjwa, na mwenye simu inayokula inite aje nayo. Asiyesoma Kifaransa asione haya. Tutasoma mstari kwa mstari, kwa sauti.