Vumbi Juu ya Sukuma

Nimeuza mboga kando ya Barabara ya Othaya, Kileleshwa, miaka kumi na minne. Katika mwaka wa kumi na mbili, nyuma ya kibanda changu walivunja nyumba ya zamani yenye miparachichi, wakaweka mtambo wa kuchanganya zege.

Kufika saa tatu asubuhi sukuma ilikuwa imegeuka kijivu. Ukiiosha, maji yanakuwa kama uji. Wateja walishika fungu, wakalirudisha. Jioni malori yalioshwa, na yale maji meupe yakateremkia mto Kirichwa Kubwa. Usiku, kwangu Kawangware, nilikohoa hadi jirani akawa ananigongea ukuta.

Wenye nyumba wakaitisha mkutano, nami nikaenda. Bwana mmoja akaniuliza kwa upole, na huo upole ndio uliouma: "Mama, wewe ni wa nyumba gani?" Nikatoka.

Aliyenifuata ni kijana mmoja wakili, mteja wangu wa terere. Akanisimulia jinsi Wangari Maathai alivyoshtaki mwaka 1989 kuzuia jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, na mahakama ikasema hana haki ya kushtaki. (Bustani ipo, jengo halikujengwa.) Kisha akanifungulia Katiba ya 2010, kifungu cha 70: mtu yeyote anaweza kudai mazingira safi, wala halazimiki kuonyesha kuna aliyeumia. Nami nilikuwa nimeshakusanya risiti zote za dawa ya kikohozi!

Kukata rufaa dhidi ya leseni ya mazingira ya mtambo kama ule kuna muda wa siku 60. Zetu zilikuwa zimebaki tisa. Nikauza huku nikikusanya sahihi: mayaya, mabawabu, hata wenye nyumba. Baadaye kibanda kikabomolewa usiku, sijui na nani. Nikatandika gunia chini, nikauza palepale.

Siku ya kutoa ushahidi nilibeba kikapu chenye mafungu mawili ya sukuma, moja la alfajiri, moja la saa tisa alasiri. Sikuwa na mengi ya kusema baada ya hapo.

Tulipochoka kungoja uamuzi, wakili alitutajia Owino Uhuru kule Mombasa, kulikoyeyushwa betri hadi madini ya risasi yakaingia kwenye damu ya watoto. Kiwanda kilifungwa 2014, fidia ya shilingi bilioni 1.3 ikaamuliwa 2020, na bado rufaa zikapanda hadi Mahakama ya Juu. Sisi tulingoja miezi kumi na mmoja, mtambo ukahamishwa.

Kikohozi hakijaisha, baridi ya Julai hukirudisha. Mto nao haunuki zege tena, unanuka majitaka, na mabomba yanayoyamwaga yanatoka kwenye ghorofa za wenye nyumba wenyewe. Nimeanza kukusanya sahihi upya. Yule bwana wa mkutano, ambaye sasa hununua nyanya kwangu kila Jumamosi, amesema kwanza atafikiria.